Ukoo wa Watoto Wasiolia

Ukitaka kusema na Bi Taratibu mashine ikiwa inaunguruma, ilibidi useme kwa mikono. Kidole juu, mahindi haya ni ya kukoboa kwanza. Kiganja kikisugua kiganja, mteja anataka unga laini, labda ana mgonjwa nyumbani. Ngumi inayofunguka, gunia limejaa, fungua soksi. Soksi ni ule mfuko mrefu wa kitambaa unaofungwa pale unga unapotokea ili usipeperuke, na kuufungua bila kujimwagia ni kazi inayowashinda wengi. Yeye aliufungua kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala.

Alikuwa amepita hamsini, mwembamba, nyusi nyeupe kwa unga tangu asubuhi mpaka atakaponawa. Jina la Taratibu alipewa na wateja. Alitembea kama mtu anayekopa sakafu. Ndoo aliiweka chini polepole, kana kwamba chini kumelala mtu. Fundi wa mashine, mwanamume mnene mwenye maneno kuliko mashine yenyewe, hakuchoka kumtania mbele ya foleni.

“Huyu akifa hatutajua,” alisema. “Tutaona tu unga hautoki.”

“Wewe ukifa tutajua,” mteja mmoja alimjibu. “Mtaa utapata usingizi.”

Bi Taratibu alicheka kwa mabega. Yalipanda, yakashuka, basi.

Hakuna aliyejua kwamba aliipenda kazi ile kwa sababu ya kelele zake. Kwingine kote sauti ilikuwa kitu cha kuchungwa, kama moto kwenye nyumba ya makuti. Pale mashineni hapakuwa na cha kuchunga. Hata ungepiga yowe, jirani yako angedhani unapiga mwayo. Siku nyingine, akimimina mahindi, alifungua kinywa akaimba. Hakuna aliyewahi kumsikia, wala yeye mwenyewe hakujisikia. Alihisi tu koo linatetemeka, na mtetemo huo ulimtosha mpaka kesho yake.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili mwisho wa uchochoro. Bawaba za mlango alizipaka mafuta kabla hazijadai. Miguu ya viti aliifunga vitambaa. Alipikia mwiko wa mti, na vijiko vya chuma vilikaa sandukuni vikingoja mgeni. Katika ukoo wao hakuna aliyebisha hodi. Walikwaruza mlango kwa ukucha, chini karibu na kitasa, kisha wakangoja. Mlango ukigongwa, basi aliyegonga si wenu, na ulichofanya ni kusimama katikati ya chumba bila kupumua sana mpaka achoke aende zake. Wauza mboga, wasoma mita na wahubiri walikuwa wameshakata tamaa na nyumba ile. Aliyafanya haya yote kama alivyoyakuta kwa mama yake, na hakuyaona kuwa ni mambo ya ajabu. Samaki hajui kama amelowa.

Mume wake alivumilia kwa muda. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, mtu wa redio na mluzi. Siku aliyoondoka hakumtukana.

“Mke wangu,” alisema, brashi zake zote zikiwa ndani ya ndoo aliyoishika, “hata ugomvi wako sijawahi kuusikia. Nikiingia ndani nahisi nimemwamsha mtu.”

Bi Taratibu alimfungulia mlango kwa mikono miwili, akaufunga nyuma yake kwa mikono miwili, na mlango haukulia.

Alibaki na binti yao, naye binti akakua, akajifunza ususi, akaolewa na dereva wa lori la safari ndefu, mume aliyeonekana kama mwezi mwandamo. Akahamia upande wa pili wa mji, ghorofani, karibu na saluni aliyofanyia kazi. Bi Taratibu akabaki peke yake. Upweke wake haukuwa wa machozi. Ulikuwa wa kupika chakula cha mtu mmoja na kukosea kipimo kila siku, kikabaki kiporo, akakila asubuhi akiwa amesimama, halafu akaenda kazini.

Kisha akazaliwa mjukuu, mvulana mwenye masikio makubwa. Miezi ilipopita na saluni ikaanza kumwulizia msusi wake, binti alimleta mtoto kwa bibi yake, amemfunga kifuani.

“Mama, nimekuletea mume.”

“Huyu? Hana hata jino. Atanilisha nini?”

“Atakulisha maneno. Mngoje tu.”

Bi Taratibu alimpokea, akamnusa shingoni, akakaa naye vile kwa muda mrefu. Siku hiyo hiyo alikwenda kumuaga fundi wa mashine.

“Sasa nani atafungua soksi?” fundi aliuliza.

“Utajifunza.”

Hivyo ndivyo alivyoupata mwaka mzuri kuliko miaka yake yote. Alimwogesha mtoto mchana jua likiwa uani, akamnong'oneza habari za kila kitu kilichopita: huyu ni mjusi, yule ni paka wa jirani, hana adabu. Chakula kilianza kufika kwenye kipimo chake. Jioni binti alipokuja kumchukua mtoto, nyumba ilikuwa ina mahali ambapo kesho ingeanzia.

Mtoto alipolia, mkono wa kulia wa Bi Taratibu ulipanda. Hakuufikiria, kama mtu asivyofikiria kupepesa jicho. Vidole vitatu juu ya midomo, kidole gumba chini ya kidevu, pua imeachwa wazi apumue. Ulikuwa mkono wenye ujuzi. Baada ya hapo sikio lake lilikwenda mlangoni, akangoja, hakujua anangoja nini. Hapakuwa na hasira ndani ya mkono ule. Katika kumbukumbu zake za kwanza kabisa za kupendwa palikuwa na kiganja cha mama yake, chenye harufu ya sabuni, kikimfunika nusu ya uso, na moyo wa mama ukipiga karibu na sikio lake. Kama angeulizwa, angesema hivyo ndivyo mtoto anavyobembelezwa.

Meno ya kwanza yalipotoka, mtoto alikuwa ameshaacha kulia. Yaani alilia, ila bila sauti. Uso ulikunjamana, kinywa kikafunguka, machozi yakashuka, na hakuna kilichosikika.

“Mtoto wa dhahabu,” majirani walisema. “Wetu wanatutoa roho.”

Bi Taratibu alijivuna kidogo.

Aliyegundua ni nesi wa kliniki, mama mtu mzima aliyekuwa anachoma sindano huku anahadithia habari za mashemeji zake. Alimchoma mtoto pajani, akangoja kelele. Mtoto alifungua kinywa. Nesi alimwangalia, kisha akachukua funguo zake akazitikisa nyuma ya kichwa cha mtoto. Mtoto akageuka.

“Anasikia,” nesi alisema. Alimfunua kinywa, akachungulia. “Koo halina kitu.”

“Ni mtulivu tu, sista,” binti alijibu. “Kwetu watoto hawalii.”

“Mtoto aliyechomwa sindano akalia kimya, mama, huyo si mtulivu. Huyo amekatazwa.” Alimrudishia mtoto. “Mchana anakaa na nani?”

Binti alimfunga mtoto kifuani, akatoka. Kesho yake alimpeleka mtoto kwa bibi kama kawaida, akaenda saluni, akaanza kusuka kichwa cha mteja, akaomba radhi, akarudi. Alifika mlangoni kwa mama yake na ukucha wake ukawa tayari karibu na kitasa. Akauondoa. Akakunja ngumi, akagonga kama wanavyogonga watu wa nje, halafu akapita upande wa dirisha akachungulia.

Mama yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto kifuani, kiganja kikiwa juu ya kinywa cha mtoto. Macho ya mama yalikuwa mlangoni. Juu ya kile kiganja, macho ya mtoto nayo yalikuwa mlangoni. Binti akahisi kidole gumba chini ya kidevu chake mwenyewe, wazi kabisa, kana kwamba kimewekwa sasa hivi.

Aliingia. Wakagombana, na wote wawili waligombana kwa kunong'ona, kwa sababu hawakujua namna nyingine.

“Unamziba mdomo.”

“Namnyamazisha.”

“Mlango umegongwa, Mama. Kama ningekuwa muuza mboga?”

“Ndiyo.”

“Ndiyo nini? Muuza mboga angemfanya nini mtoto?”

Bi Taratibu alitafuta jibu. Alikuwa na hakika lipo, alikuwa ameliegemea maisha yake yote, na sasa alipogeuka kuliangalia hapakuwa na kitu.

“Hata wewe nilikulea hivyo,” alisema, “na umekua.”

“Nimekua. Saluni wanawake wananisimulia maisha yao mwanzo mpaka mwisho, na mimi sijawahi kumaliza sentensi moja kuhusu langu. Mume wangu akipiga simu huuliza kama mtandao umekatika.”

“Punguza sauti.”

“Sauti gani, Mama? Ipo wapi ya kupunguza?”

Alikusanya nepi na chupa ya maziwa. Mlangoni alisimama, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa anataka kulia.

“Sikukatazi kumwona. Njoo Jumapili, nikiwepo. Wewe na yeye peke yenu, hapana.”

Bi Taratibu alirudi mashineni. Fundi alimwona kwa mbali, akaanza mapema.

“Karibu, karibu. Mume wako kakuacha?”

“Amechukuliwa na mama yake.”

Fundi alimwangalia usoni, akampa kamba ya soksi. Alipomimina debe la kwanza, Bi Taratibu alifungua kinywa kama zamani. Koo halikutetemeka.

Swali la binti halikumwacha. Muuza mboga angemfanya nini? Alilibeba kazini, akalirudisha nyumbani, akalala nalo. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Aliyebaki ni dada wa mama, mama mkubwa, bikizee mkali aliyekaa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, miguu imevimba, akibadilisha zipu za watu. Bi Taratibu hakuwa na mazoea naye. Tangu utoto alijua kwamba mama mkubwa hampendi. Hakuwahi kumbeba wala kumpakata, alimletea zawadi na kuziweka mezani kama mtu anayelisha mbwa wa jirani.

Alikwaruza mlango. Ndani mtu alikohoa, Bi Taratibu akaingia.

“Mama mkubwa, nimekuja kuuliza jambo.”

“Kama ni shamba, liliuzwa.”

“Si shamba.”

“Basi uliza. Kaa, usinisimamie kama askari.”

Alikaa. “Kwa nini kwetu tunaziba watoto midomo?”

Mikono ya mama mkubwa ilisimama juu ya suruali aliyokuwa anaifumua.

“Mama yako hakukwambia?”

“Aliniambia mlijificha. Nikiuliza zaidi alikuwa anaanza kufagia.”

“Mama yako alifagia sana, maskini.” Aliiweka suruali kando. “Tulijificha. Kulikuwa na vita, na usiniulize vya nani na nani, nilikuwa mtoto, nilivijua kwa miguu tu. Miguu yenye viatu vizito. Bibi yako alituingiza ghalani, nyuma ya magunia. Mimi mkononi, mama yako mgongoni, bado hajaota jino. Tukadhani watapita. Wakaingia. Wakakaa mle mle.”

“Walikuwa wanawatafuta?”

“Hawakutujua, mwanangu. Walikuwa wamechoka, wanacheza karata. Mmoja wao alikuwa mcheshi kweli. Nakumbuka nilitaka kucheka.” Alisugua goti lake. “Mama yako akaanza kuhema kama mtoto anayejiandaa kulia. Bibi yako akamwekea mkono kinywani. Akakaa nao hivyo mpaka mkono ukachoka, ukaanza kutetemeka, na gunia alilokuwa ameegemea likaanza kutoa sauti. Ndipo akaniangalia mimi.”

“Akakuangalia vipi?”

“Akanikabidhi.” Alinyosha mkono wake wenye mishipa, akaupanga hewani: vidole vitatu, kidole gumba chini. “Alinifundisha kwa macho. Hapa, na hapa, pua uiache. Nikashika. Nilikuwa mtoto, na mle ndani giza, pua niliijuaje? Alikuwa anapigana, kana kwamba nimeshika ndege. Halafu akaacha kupigana. Nikajua. Na sikuuondoa mkono, maana wale watu walikuwa bado wanacheka.”

Nje, mwenye duka alikuwa anapima kitambaa na kubishana na mteja juu ya rangi. Mama mkubwa alisikiliza mabishano hayo kama yanamhusu.

“Walipoondoka, bibi yako alimpulizia usoni, akampiga mgongoni, pumzi ikamrudia,” alisema. “Alirudi, ila hakulia. Alituangalia tu. Na baada ya hapo kila mtu aliambiwa, mtoto huyu alituokoa kwa kimya chake. Alisifiwa hivyo mpaka amezeeka. Angejifunzia wapi kulia? Na angekufundishaje wewe?”

“Ndiyo maana hukuwahi kunibeba.”

“Nilikupenda kwa mbali. Kwa mbali nilikuwa na hakika na mikono yangu.” Aliokota suruali, akavuta zipu juu, akaishusha. “Waliniita tasa. Nikawaacha waite. Mume wangu alitaka watoto, nikamwambia atafute penye watoto, na akatafuta. Usiudharau mkono ule, lakini. Bila mkono ule wewe hupo, na mimi sipo. Vita vilipokwisha kila mtu aliambiwa. Mkono hakuna aliyeuambia.”

Waliagana mlangoni. Bi Taratibu alisita, kisha akamshika bikizee mabega, akamkumbatia. Mama mkubwa alisimama wima kama nguzo, mikono yake ameificha nyuma.

Jumapili iliyofuata alimsimulia binti yake. Ilimchukua mchana wote, maana alikuwa hana mazoea ya kusimulia. Alianza katikati, akarudi nyuma, akasimama kunywa maji. Binti alisikiliza huku anachambua nywele za bandia mapajani, na zilipokwisha kuchambuka aliendelea kuzichambua.

Bi Taratibu alidhani kujua kutakuwa kama kutoa mwiba: ukishatoka, umetoka. Haikuwa hivyo. Alijua sasa kwamba walikuwa wanacheza karata, kwamba hata hawakuwa wanamtafuta mtu, na bado kila mlango ulipogongwa miguu yake ilikwama. Akaanza kujifundisha mwenyewe. Muuza mboga alipogonga, alijilazimisha kutembea mpaka mlangoni na kufungua.

Muuza mboga alirudi nyuma hatua. “Kumbe humu mnaishi watu?”

“Ninaishi mimi.”

“Miaka yote hii? Mimi nilikuwa nagonga kwa mazoea tu.”

Alinunua mchicha asiouhitaji. Alipofunga mlango jasho lilikuwa limelowesha mgongo wote. Lakini kesho yake alifungua tena, na muuza mboga akapata mteja asiyebishania bei kwa haraka ya kuufunga mlango.

Huko ghorofani, mtoto naye alikuwa anajifunza. Binti alimpigia simu mama yake mchana mmoja bila kusema neno, akaiweka simu karibu na mtoto. Kilio kilianza kwa kukwama, chembamba, kama bomba ambalo halijafunguliwa siku nyingi na sasa linatema hewa kabla ya maji. Kisha kikaja. Bi Taratibu alikuwa mashineni, ametoka nje kupokea simu. Ikambidi aketi juu ya gunia la pumba. Hakuwahi kumsikia mtoto wa damu yake akilia mpaka mwisho. Alitaka kukisikiliza kilio kile na alitaka kikome, kwa nguvu sawa, na hakujua kati ya hayo mawili lipi ni lake.

Jambo moja tu alilitaka duniani: mtoto arudi nyumbani kwake, mchana uwe na mtu. Hakulisema. Kila Jumapili alikaa kwenye mkeka wa binti yake, mikono ameikalia, akacheza na mjukuu kwa macho na ulimi, na binti akamtazama kwa pembe ya jicho, na jioni bibi akarudi kwake.

Jumapili moja sabuni ilikwisha katikati ya kufua. Binti alisimama, mapovu mikononi, akamwangalia mama yake.

“Nashuka dukani mara moja. Utaweza?”

“Nenda.”

Binti alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda. Mtoto alisikia viatu vya mama yake vikishuka ngazi, akageuza kichwa, akaona mlango mtupu. Akalia. Kilikuwa kilio kamili, cha tumbo, kisichomwogopa mtu. Bi Taratibu alimwinua, akamweka begani, akamwambia mama anakuja, mume wangu, mama anakuja.

Hapo viatu vizito vikapanda ngazi, na mlango ukagongwa.

Mkono ulifika. Hakuuona ukiondoka, aliona tu kwamba umefika, na kilio kimekatika kama uzi, na kwenye kiganja chake kuna pumzi ya moto yenye mate. Aliangalia chini. Mtoto alikuwa anamtazama. Hakupigana. Alikuwa ametulia kwa namna ya mtu anayejua kazi yake, na macho yake yalianza kugeuka kuelekea mlangoni.

Aliung'oa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mtoto akabaki kimya, kinywa wazi, akingoja kuona kama umeondoka kweli.

“Lia,” Bi Taratibu alimwambia. “Lia, baba. Lia.”

Na alipolia, alitembea naye mpaka mlangoni akafungua. Alikuwa fundi bomba, kijana mwenye begi la vyuma na mabuti ya mpira.

“Nimekuja kuangalia bomba la jikoni,” alisema, kisha akajikunja kidogo. “Mama, humo ndani una spika?”

“Ni mjukuu wangu,” alijibu, na akatambua kwamba ili asikike ilibidi apaze sauti. Akapaza. “Analia.”

“Nasikia, mama. Mtaa mzima tunasikia.”

Alimwelekeza jikoni. Alipogeuka binti alikuwa ameshafika mlangoni, anahema, sabuni mkononi. Alikuwa amekisikia kilio tangu dukani na kupanda ngazi mbio. Aliangalia mlango uliofunguliwa, fundi aliyepiga magoti chini ya sinki, mtoto anayepiga kelele begani kwa bibi yake. Uso wake ukalegea. Bi Taratibu hakuwa ameuona uso huo tangu binti akiwa na meno ya utoto.

“Umemwacha alie,” binti alisema. “Na umefungua.”

Alikuja akamfuta mtoto kamasi, akacheka, cheko lenye sauti kidogo. “Basi kesho nitakuletea. Saluni wananisumbua, na jirani niliyemweka naye hata simwamini. Nikuletee, Mama?”

Lilikuwa ndilo lenyewe, limewekwa mbele yake bila kuombwa. Aliuona ua, jua, beseni la kuogea. Na hakuna aliyeona kitu. Fundi alikuwa nje, binti alikuwa dukani, mtoto hajui kusema. Angesema niletee, na ingekuwa nusu ya kweli.

“Usimlete,” alisema.

“Kwa nini?”

“Mkono ulifika kabla yangu. Mlango ulipogongwa.”

“Lakini uliutoa.”

“Leo niliutoa. Mwanangu, hakupigana. Alipouona tu, alijua la kufanya.” Alimweka mtoto chini kwenye mkeka, kwa uangalifu, kisha akaondoa mikono yake kwake. “Miezi yote hii hajausahau. Ukimleta kwangu mchana kutwa, ataukumbuka vizuri zaidi.”

Binti alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Jikoni fundi aligonga chuma kwa chuma, na wote wawili wakashtuka kwa pamoja, mabega yakapanda sawasawa.

“Hata wangu,” binti alisema.

“Wako nini?”

“Hata wangu hupanda. Juzi mwenye nyumba alibisha, nikajikuta nimesimama pale pale unaposimama wewe. Nimekulaumu, nikakunyang'anya mtoto, na mkono ninao mwenyewe. Sijamwambia mtu.”

Mtoto alikuwa kati yao, analia, amenyoosha mikono juu akitaka kubebwa na yeyote. Kwa muda hakuna aliyeinama. Kila mmoja alikuwa anaangalia mikono yake juu ya mapaja.

“Mbebe wewe,” Bi Taratibu alisema mwishowe. “Mimi nikuangalie mikono.”

Binti alimwinua kwa makwapa, akamlaza begani, mikono ikiwa mgongoni kwa mtoto, imefunguka, inaonekana. Mama yake alikaa karibu, akaitazama bila kupepesa. Mtoto alilia, na fundi bomba akafunga begi lake akaaga kwa kupunga mkono tu, na mtoto akaendelea kulia, mpaka kilio kikapungua chenyewe na kuwa kwikwi, na kwikwi ikawa pumzi, akalala.

Bi Taratibu alingoja kidogo, kuwa na hakika. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu, kwa maana jua lilikuwa linaelekea kuzama na njia ya kwake ni ndefu.

“Jumapili?” binti aliuliza.

“Jumapili. Ukiwepo.”